Je, Wajua? "Prefer" ni Ndugu wa Refa

Je, wajua kwamba refa anayepuliza filimbi uwanjani na kitenzi cha Kiingereza "prefer", yaani kupendelea, ni ndugu wa tumbo moja? Shabiki ambaye timu yake imenyimwa penalti dakika za mwisho atakwambia alilijua hilo siku nyingi. Lakini undugu wenyewe ni wa maneno tu. Kilatini kilikuwa na kitenzi "ferre", kubeba. Kilipotanguliwa na "re", kiambishi cha kurudi, kikawa kurudisha shauri kwa mtu aliamue. Waingereza wakapata "refer", na yule anayepelekewa shauri wakamwita "referee". Sisi tukamkata mkia, akabaki refa. Kilipotanguliwa na "ob", yaani kuelekea, kikawa kumletea mtu kitu, na leo kimebandikwa kwenye milango ya maduka yetu kwa jina la ofa. Kilipotanguliwa na "prae", yaani mbele, kikawa "praeferre": kubeba mbele, kutanguliza. Huyo ndiye "prefer".

Kwa Warumi kubeba kitu mbele ya mtu halikuwa jambo la mafumbo. Konsuli alipotoka barabarani alitanguliwa na watumishi 12, kila mmoja na mzigo wa fito begani, zimefungwa pamoja kwa kanda. Dikteta alitanguliwa na 24. Aliyetaka kujua mkubwa ni nani alihesabu mizigo inayotangulia. Mizigo hiyo iliitwa "fasces", na karne nyingi baadaye chama cha Mussolini kiliifanya nembo yake. Jina la ufashisti lina mizizi hapo hapo.

"Prefer" iliingia Kiingereza katika karne ya 14 kwa njia ya Kifaransa, na ilipoingia haikuwa na maana ya kupenda peke yake. Ilikuwa pia kumpandisha mtu cheo. Ukifungua tamthilia ya Othello ya Shakespeare, katika onyesho la kwanza kabisa unamkuta Iago amefura kwa hasira kwa sababu cheo cha luteni kimekwenda kwa Cassio. Neno analolitumia kwa upandishaji wa cheo ni "preferment". Balaa lote la tamthilia ile, tangu leso hadi mto wa kitandani, linaanzia kwa mtu aliyeona mwenzake ametangulizwa.

Maana nyingine ya kale haijafa, na pengine umeisoma asubuhi hii. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam hupenda kuandika kwamba polisi "have preferred charges" dhidi ya fulani. Msomaji mgeni anaweza kudhani polisi wameyapenda mashtaka hayo kuliko mengine. Sivyo. Wameyapeleka mbele ya hakimu, wamefungua mashtaka, basi. Sheria za England zinaizungumza lugha hiyo waziwazi: sheria ya mwaka 1933 kuhusu uendeshaji wa haki inaeleza ni wakati gani hati ya mashtaka inaweza kuwa "preferred". Hapo Kilatini kimebaki vilevile kilivyokuwa, kubeba kitu na kukiweka mbele.

Je, wajua kwa nini Kiingereza sanifu kinakataa "I prefer tea than coffee", sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiingereza huku kwetu ameikata kwa kalamu nyekundu? Mwanafunzi anafikiri kwa "kuliko", na "kuliko" kwake ni "than". Hoja yake si ya kipuuzi. Ila Kiingereza kina kundi la maneno ya ulinganishi yaliyotoka Kilatini, "superior", "inferior", "senior", "junior", "prior", na yote yanadai "to". "Prefer" iko kundini. Kundi hilo hilo ndilo linalofanya "more preferable" kuwa kosa la kurudia: "preferable" tayari ni bora zaidi, haihitaji kuongezewa "more".

Tukiwa bado darasani, tahajia yake nayo ina siri. "Preferred" ina r mbili, "preference" ina moja. Fuata mkazo wa sauti. Katika "preferred" mkazo unaangukia silabi ya "fer", na r inajirudia. Katika "preference" mkazo umerudi mwanzoni, na r inabaki moja. "Offered" ina r moja kwa sababu iyo hiyo. Wengi hukariri orodha ndefu za tahajia bila kuambiwa kanuni hii moja.

Sasa tuje kwa visawe, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Mwingereza asiyetaka makuu hasemi "prefer". Anasema "I would rather". "Rather" hiyo ilikuwa neno la mwendo. Katika Kiingereza cha kale "hrathe" ni upesi, na "hrathor" ni upesi zaidi. Anayesema angependelea kulala kuliko kwenda harusini, kwa asili anasema atalala mapema zaidi kuliko atakavyokwenda. Ndiyo maana wanaweza pia kusema "I would sooner", kwa maana ile ile. Kiwekwe mbele kwa mahali au mbele kwa wakati, kinachopendelewa ni kile kinachotangulia. Kwetu pia, wizara ikitaka kusema jambo fulani ndilo la kwanza, inalipa kipaumbele, na ndani ya neno hilo unaisikia "mbele" bila kutega sikio.

"Rather" ina mtego mmoja unaowaangusha hata waliofaulu vizuri. Ukitaka mwenzako aondoke kesho, unasema "I would rather you left tomorrow". Kitenzi kimevaa wakati uliopita, lakini safari ni ya kesho.

"Choose", kuchagua, ina hadithi tamu zaidi. Asili yake ya mbali, katika lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya, Iran na India ya kaskazini, ni kuonja. Mzizi huo huo ulipita Kilatini ukawa "gustare", kuonja, na kwa njia hiyo Mhispania leo anasema "me gusta" kwa kitu anachokipenda, na Mwingereza akichukizwa na kitu anasema "disgust". Yaani kuchagua, kwa wazee wale, ilikuwa kulamba kidogo kwanza. Muuza machungwa anayekumenyea moja kabla hujanunua anafanya kazi ya kitenzi hicho bila kukijua. Na hapa kuna kituko: "choose" ni neno la Waingereza wenyewe tangu zamani, lakini nomino yake "choice" waliichukua kwa Wafaransa, ambao nao walikuwa wameipata kwa makabila ya Kijerumani. Neno lilitoka nyumbani, likazunguka ng'ambo, likarudi kama mgeni, na wenyeji hawakulitambua.

"Want" imetoka kwa mabaharia wa Skandinavia waliovamia England na kuhamia huko, na kwao ilikuwa "vanta", kukosa. Anayetaka ni aliyepungukiwa. "Fancy" ni "fantasy" iliyofupishwa, yaani ndoto ya mchana. Mwingereza atakuuliza kama una "fancy" ya kikombe cha chai, na hapo hakuna neno. Lakini mgeni anayefika London asimwambie mtu "I fancy you" akidhani amemsifu kwa adabu. Ametongoza.

Kuna pia "plump for", ambayo vitabu vyetu vya shule haviigusi. Zamani majimbo mengi ya Uingereza yalichagua wabunge wawili, na kila mpigakura alikuwa na kura mbili. Mpigakura mjanja aliitumia moja tu kwa kipenzi chake na kuitupa ya pili, ili asimwongezee mpinzani nguvu. Kura hiyo ya peke yake iliitwa "plumper". Mfumo umekwisha, msemo umebaki.

Kisawe kinachojulikana kuliko vyote ni "like", na hicho kimepinduka kichwa chini miguu juu. Katika Kiingereza cha kale "lician" haikuwa kupenda, ilikuwa kupendeza. Hawakusema mfalme anapenda asali, walisema asali inampendeza mfalme, kama tunavyoweza kusema sisi hadi leo. Mwenye kutenda alikuwa asali. Mfalme alitendwa tu. Kisha Kiingereza kikapoteza viambishi vilivyoonyesha nani anatenda na nani anatendwa, mpangilio wa maneno ukashika kazi hiyo, na aliyetajwa mwanzoni mwa sentensi akahesabiwa kuwa mtenda. Mfalme akapanda, asali ikashuka. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina mifano michache ya mpangilio wa zamani, mmoja ukiwa katika kitabu cha Esta, na msomaji wa leo huiona kama makosa ya uchapaji.

Ukichimba zaidi, "like" inakupeleka makaburini. Mzizi wake, "lic", ni mwili au umbo. Kufanana na mtu ni kuwa na umbo lake. Mjerumani akisema "Leiche" na Mswidi akisema "lik", wanataja maiti. Katika vijiji vya England utakuta makanisa ya zamani yenye lango lililoezekwa paa, "lychgate", mahali ambapo jeneza lilisubiri kasisi aje kulipokea. Mzizi huo umejificha pia mwishoni mwa "friendly", mwenye umbo la rafiki, na ndani ya maneno ambayo hata Mwingereza hayashuku: "such", "which" na "each". Vijana wetu wanapoomba "laiki" kwenye picha zao mitandaoni, wanataja mzizi wa maiti wakiwa na furaha tele. Halafu Kiswahili kina "laiki" yake ya kale, isiyohusiana kabisa na hiyo, iliyotoka Kiarabu kwa maana ya kufaa na kustahili. Kitufe chenyewe cha "like" kiliwekwa Facebook mwezi Februari 2009.

Lugha nyingine zinasemaje? Nyingi zinakwenda njia ya mbele. Mjerumani anasema "vorziehen", kuvuta mbele. Mrusi anasema "predpochitat", kuheshimu kabla ya wengine. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho kwa jina la Nikomako, aliliangalia neno la Kigiriki la uchaguzi, "proairesis", akasema lenyewe linaonyesha kwamba kitu kimechukuliwa kabla ya vingine. Warumi, pamoja na "praeferre" yao, walikuwa na kitenzi kifupi zaidi, "malle", ambacho ni "kutaka zaidi" kilichobanwa kuwa neno moja. Huo ni uwekevu wa kuonewa wivu.

Kiswahili kimechukua njia yake. Penda, pendea, pendelea: ngazi zile zile za enda, endea, endelea. Lakini tazama kinachotokea ukipanda ngazi hizo. "Mwalimu yule anapenda wanafunzi" ni sifa. "Mwalimu yule anapendelea" ni mashtaka, na mzazi akilisikia atafunga safari hadi shuleni. Upendeleo ukitajwa ofisini watu hushusha sauti. Ilhali "mimi napendelea chai ya tangawizi" haimkeri mtu yeyote. Kwa vitu, kupendelea ni ladha. Kwa watu, ni dhuluma, kwa sababu tangawizi ikichaguliwa kahawa hailii, na mtoto mmoja akichaguliwa mwenzake hulia. Kiingereza kimezigawa kazi hizo mbili kwa maneno mawili, "preference" na "favouritism". Kiswahili kimeziacha katika mzizi mmoja, na kwa maoni yangu kimefanya vyema, kwani ni tendo lile lile linalotazamwa na aliyepewa na aliyenyimwa.

Mzizi huo huo una tawi jingine ambalo wengi hawalihesabu. Kupendekeza ni kukifanya kitu kiwapendeze wengine, na ndiyo maana kamati huleta mapendekezo, haileti amri. Na "mapenzi" si ya wapendanao tu. Katika sala ya Baba Yetu, mapenzi ya Mungu ni matakwa yake, na anayeandika barua ya kuomba kazi akianza na "napenda kuomba" hatangazi mahaba na meneja. "Ukipenda njoo" ni ukitaka njoo.

Ila sisi tuna ujanja mwingine, wa kupendelea bila kitenzi chochote. Afadhali, heri, bora. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi": ni nani anayependelea hapo? Hayumo. Methali haisemi mimi wala wewe, inatoa hukumu kana kwamba mizani imejisoma yenyewe. Mwingereza akisema "I prefer" amejibebesha dhima ya chaguo lake. Mswahili akisema "afadhali tuondoke" amelitupia jambo lenyewe. Wazee wanaoketi barazani huijua nguvu ya hilo. Ni vigumu kubishana na afadhali, kwa sababu huoni wa kubishana naye. Na mgonjwa akiulizwa anaendeleaje akajibu "afadhali", amelinganisha leo na jana bila kutaja leo wala jana.

Je, wajua kwamba afadhali, tafadhali na fadhila ni mzizi mmoja wa Kiarabu, f, dh na l, wenye maana ya ziada na wema? Na kwamba heri na hiari nazo ni ndugu, kilicho chema na uhuru wa kukichagua? Wale wanaoisoma lugha ya mashairi ya kale watakutana na "stahabu", kupendelea au kuridhia kitu, ambayo ni ya ukoo mmoja na huba, mahaba, muhibu na habibu. Hiyo "stahabu" imezeeka, haisikiki sokoni tena. Kwa anayetafuta kisawe kizito cha kupendelea kisichonuka rushwa, ingefaa ifufuliwe.

Tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1853 Herman Melville alichapisha katika jarida moja la New York hadithi ya karani aitwaye Bartleby, mnakili wa hati katika ofisi ya mwanasheria mtaa wa Wall Street. Siku moja bosi anamwita wahakiki nakala pamoja. Bartleby anajibu kwa upole, bila kuinua sauti, kwamba angependelea kutofanya hivyo. Anatumwa posta, jibu ni lile lile. Anaombwa aondoke ofisini, lile lile. Hasemi sitaki, hasemi siwezi. Bosi, aliyejiandaa kwa ubishi, anakosa pa kushika.

Kinachochekesha ni kwamba kitenzi kinaambukiza. Kabla ya muda mrefu bosi anajigundua anasema "prefer" kila mara, pasipo haja, na makarani wengine wawili, waliobandikwa majina ya utani Turkey na Nippers, nao wameshaambukizwa. Turkey anapoulizwa anakana: neno hilo la ajabu, yeye halitumii kamwe, na katika pumzi iyo hiyo analitumia tena. Ni mchezo mzuri wa lugha kwa sababu Bartleby anavunja sharti la kitenzi. Kupendelea kunadai vitu viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, naye hataji cha pili. Angependelea kutofanya, badala yake afanye nini? Kimya. Hadithi inaishia gerezani.

Neno limefika pia kwenye sanduku la kura. Tangu sheria ya mwaka 1918, Waaustralia wanapochagua wabunge wa baraza la wawakilishi hawaweki alama moja. Wanaandika namba: 1 kwa wa kwanza moyoni, 2 kwa wa pili, na kuendelea. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinagawiwa kwa waliopewa namba 2. Wenyewe namba hizo huziita "preferences". Na kwa kuwa kupiga kura kwao ni lazima tangu mwaka 1924, wapo wanaofika kituoni kwa hofu ya faini tu, wakajaza 1, 2, 3, 4 kutoka juu hadi chini bila kusoma jina. Hiyo wanaiita kura ya punda. Punda huyo ana uzito. Mwaka 1937, majina kwenye karatasi za Seneti yalipokuwa bado yakipangwa kwa alfabeti, chama cha Labor huko New South Wales kilisimamisha wagombea wanne: Amour, Armstrong, Arthur na Ashley. Wote wanne walishinda. Mwaka 1940 utaratibu ulibadilishwa, nafasi kwenye karatasi zikawa za kupigiwa kura ya bahati.

Lakini hata pasipo punda, matakwa ya wengi yanaweza kujifunga fundo. Mfaransa Condorcet alilionyesha hilo mwaka 1785, na mfano wake unaweza kuupika jikoni kwako. Asha anapendelea wali, kisha ugali, kisha ndizi. Baraka anaanza na ugali, kisha ndizi, kisha wali. Chausiku anaanza na ndizi, kisha wali, kisha ugali. Wapigishe kura kati ya wali na ugali: wali unashinda, wawili kwa mmoja. Ugali na ndizi: ugali unashinda. Basi wali ndio bingwa? Wapigishe kati ya wali na ndizi: ndizi zinashinda. Kila chakula kimeshinda kimoja na kushindwa na kingine, na kila mmoja wa wale watatu ana akili timamu. Mwenyekiti mjanja wa mkutano anayepanga kipi kipigiwe kura kwanza anaweza kupata chakula akitakacho. Mmarekani Kenneth Arrow alilipeleka fumbo hili mbali zaidi katika kitabu cha mwaka 1951, na mwaka 1972 akawa mmoja wa washindi wa Nobel ya uchumi.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kutetea kwa nguvu chaguo ambalo hakulifanya? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanana na kiinimacho. Watu 120 walionyeshwa picha mbili mbili za wanawake, wakaulizwa ni nani anayewavutia zaidi. Kisha wakakabidhiwa picha waliyoichagua na kuombwa waeleze sababu. Ila mara nyingine mtafiti, kwa wepesi wa mkono, aliwapa ile waliyoikataa. Mabadiliko hayo yalitambuliwa si zaidi ya mara 26 katika kila 100. Waliobaki walieleza sababu bila kusita. Mmoja alisifu hereni, na yule aliyemchagua hakuwa amevaa hereni.

Utasema sura zinachanganya. Basi mwaka 2010 wakaja na jamu na chai, ndani ya duka kubwa la vyakula. Walitengeneza makopo yenye vyumba viwili na mfuniko kila upande, kila chumba na jamu yake, na kopo lilipopinduliwa mteja akaonjeshwa ile aliyoikataa dakika moja iliyopita. Mabadiliko yaliyogunduliwa hayakuzidi theluthi moja. Hata walipobadilishiwa tufaha lenye mdalasini kwa balungi chungu, walioshtuka hawakuzidi nusu. Kumbuka kwamba mzizi wa "choose" ni kuonja. Wateja hawa walionja kweli, na haikuwasaidia.

Wanyama nao wanapendelea, na ushahidi mmoja unaotajwa sana duniani ulipatikana Kenya, kwenye nyanda za Kinangop. Huko kuna ndege mweusi wa majani, kitaalamu Euplectes progne, ambaye dume wake wakati wa kuzaliana huburuta mkia wa karibu nusu mita. Mkia huo unamchosha akiruka na kumwanika kwa maadui. Darwin alikuwa amedai kwamba mapambo ya namna hiyo yapo kwa sababu majike huyapendelea, na wengi walimcheka. Mswidi Malte Andersson aliamua kujaribu. Aliwanasa madume 36. Wengine aliwakata mkia ukabaki kipande kifupi, na vipande vilivyokatwa akawagandishia wengine kwa gundi ya haraka, ile ile inayouzwa dukani, wakawa na mikia mirefu kuliko kawaida. Kundi la tatu aliwakata na kuwarudishia mikia yao wenyewe, ili ajue kama gundi peke yake inaleta tofauti. Kundi la nne hakuwagusa mikia. Kisha akazunguka kwenye majani akihesabu viota vya majike katika eneo la kila dume.

Waliorefushwa walipata viota vipya vingi kuliko wote. Waliofupishwa waliendelea kulinda maeneo yao kama kawaida, hakuna dume mwenzao aliyewafukuza, kwa hiyo mkia haukuwa silaha ya vita kati ya madume. Uamuzi ulikuwa wa majike peke yao. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1982.